Ngoma ya Baba na Jua la Mwalimu Klementi

Juzi jioni umeme ulikatika, nikaitoa taa ya chemli iliyokaa kabatini tangu mvua za mwaka jana. Kioo chake kilikuwa cheusi hadi shingoni. Nilipoingiza kitambaa kukifuta, harufu ya masizi ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa mkekani na kitambaa mkononi, taa yenyewe bado haijawashwa. Kwangu mimi harufu ya masizi ni harufu ya jua. Najua inasikika kama upuuzi. Wenzangu wa rika langu waliokulia upande wetu wa Geita huenda wakanielewa, huenda wakanikosoa, na wakinikosoa watakuwa na haki, maana shule yangu iliishia darasa la nne na habari zote za jua nilizonazo nilizisikia nikiwa mtoto, nimekaa mavumbini, nikisinzia mara mojamoja. Nitaandika nilichokiona. Pale niliposimuliwa nitasema nilisimuliwa.

Baba yangu, Masanja, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Pamba alilima kama watu wote, lakini watu walimjua kwa ngoma. Kwetu ngoma haichezwi tu, hushindaniwa. Kuna Wagika na kuna Wagalu, na kila nyumba ina upande wake. Pamba ikishauzwa, manju wawili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na wachezaji wake na ngoma zake, mmoja mwisho huu wa uwanja na mwingine mwisho ule. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wako huru kuhama huku na huku alasiri nzima, siku baada ya siku, na siku ya mwisho jua likikaribia kuzama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kila manju hutafuta kitu cha kuwavuta watu. Mmoja atakuja na chatu shingoni, mwingine na fisi kwenye kamba. Mwaka ule baba alichonga mtu wa mbao, mrefu kuliko mimi, ukivuta kamba anainua jembe, ukiachia analima. Alimchonga nyuma ya nyumba na sisi watoto tulikatazwa kumsema.

Mwaka uliotangulia baba alikuwa ameshindwa na Luhende, manju wa Wagalu. Kushindwa mara moja si kitu. Ila vijana wake walishaanza kunong'ona, na nilimsikia shangazi Minza, dada yake baba, akimwambia bila kuficha walipokuwa wanawamba ngozi mpya:

"Kaka, ukishindwa tena mwaka huu, hawa vijana watatafuta manju mwingine."

"Watafute."

"Usinijibu hivyo. Wengine wameshatafuta. Utabaki na mimi na huyo mtu wako wa mbao."

Baba akacheka, lakini alikuwa anacheka na ngozi, si na shangazi. Hata mimi, mtoto, nilielewa kwamba mwaka huo atabaki manju au hatabaki.

Sasa niseme habari ya kituo. Nyuma ya mgodi wa dhahabu kulikuwa na kilima, na juu yake wazungu watatu walijenga nyumba ya bati yenye paa la mviringo linalofunguka kama mdomo. Walikuwa wanachunguza nyota. Usiku walikesha, mchana walilala, kwa hiyo watu wa mgodini waliwaita popo. Nilikuja kusimuliwa kwamba walichagua kwetu kwa sababu kiangazi chetu hakina mawingu. Kazi ya mchana waliyopewa na wakubwa wao, ya kuwafundisha wenyeji kile wanachokiona huko juu, waliikabidhi kwa Mwalimu Klementi, Mhaya kijana, mwembamba, mwenye kaptula iliyonyooka pasi hata Jumatatu. Kiswahili chake kilikuwa safi sana. Kisukuma hakukijua hata neno zaidi ya "mwangaluka", salamu ya asubuhi, na aliitumia hadi jioni, watoto wakafa kwa kicheko.

Mwalimu hakutuita kilimani. Alitufuata tulipo, nasi tulikuwa uwanjani, kwa sababu ulikuwa msimu wa ngoma. Kila siku saa za mchana, kabla wachimbaji hawajatoka zamu na ngoma hazijaanza, alisimika darubini ya miguu mitatu katikati ya uwanja, akailekeza kwenye jua, na nyuma yake akatandika shuka jeupe kati ya nguzo mbili, chini ya kivuli cha turubai. Jua likaja likakaa kwenye shuka. Duara, kubwa kama ungo, linatetemeka kidogo kwenye kingo. Sijui nilitegemea nini, lakini sikutegemea hilo. Nilitazama juu kuona kama lile lingine bado lipo.

"Asiweke mtu jicho hapa," Mwalimu alisema, amekinga tundu la darubini kwa kiganja. "Jua litakula jicho lako. Tazameni kwenye shuka." Sisi watoto alitupa vipande vya vioo alivyovipaka masizi ya koroboi, tulitazame jua lenyewe kupitia humo. Siku hizi nasikia wanakataza hata hivyo vioo, wanasema haviaminiki. Mwalimu hakujua, au wakati ule hawakuwa wanajua. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi msimu mzima, na ndiyo harufu niliyoanza nayo.

Katika jua la shuka kulikuwa na madoa. Mwalimu alitueleza kwamba ni mahali penye moto uliopoa kidogo kuliko moto wa jirani, na kwamba doa dogo kabisa laweza kuimeza nchi yetu yote. Watu wakasema "Hee." Lakini macho yao yalikuwa mahali pengine, kwa sababu madoa yenyewe yalikuwa mafungu mawili. Fungu moja kubwa lilikuwa upande wa shuka ulioelekea duka la Velji, mwisho mmoja wa uwanja, na fungu dogo lilikuwa upande wa kisimani. Baba na Wagika walicheza upande wa dukani. Luhende na Wagalu walicheza upande wa kisimani.

Aliyelisema ni Bibi Nkwimba, muuza togwa. Alilisema kwa Kisukuma, ameshika kata yake: "Jamani, si uwanja huu! Hawa wa dukani ni watu wa Masanja. Wale kule ni watu wa Luhende."

Watu wakacheka sana. Mwalimu naye akacheka kwa adabu, akidhani wamefurahia somo. Kwa haki niseme kwamba Bibi Nkwimba alikuwa anatania, na kwamba siku ile ya kwanza hakuna aliyeamini. Tena siku ile ilikuwa nzuri kwetu. Fungu kubwa lilikuwa letu, na mtu wa mbao alipoinua jembe mara ya kwanza wachimbaji wa mgodini, watu wa Tabora na Kigoma na Songea wasio na upande wowote, walipiga miluzi hadi vumbi likatulia. Hao wageni ndio walioamua ngoma, kwa sababu wenyeji walishajua pa kusimama tangu wazaliwe.

Lakini madoa ya jua hayakai. Kesho yake Mwalimu alipotandika shuka, mafungu yote mawili yalikuwa yamesogea kuelekea dukani. Kesho kutwa yakasogea tena. Fungu kubwa, letu, lilikuwa linaenda ukingoni, linabanwa, linakuwa jembamba. Lile dogo la kisimani lilikuwa linaingia katikati ya uwanja, nalo halikuwa dogo tena. Mwalimu alifurahi mno. Alichora kwa mkaa pembeni ya shuka kuonyesha yalipokuwa jana na yalipo leo, akaeleza kwamba jua linajizungusha kama pia ya mtoto. Alikuwa hajawahi kupata wanafunzi waliokuja mapema hivyo, wakagombania nafasi ya mbele, wakauliza maswali yale yale kila siku.

"Mwalimu, hawa wa ukingoni watarudi?"

"Watazunguka nyuma. Baada ya wiki mbili hivi huenda tukawaona tena upande ule."

"Wiki mbili! Ngoma itakuwa imeshaisha!"

"Ngoma gani?" Mwalimu aliuliza, lakini tayari watu walikuwa wameshageuka kubishana wao kwa wao.

Mimi nilikuwa naamini kuliko wote. Wakubwa angalau walikuwa na aibu kidogo. Mimi nilidhani kwamba juu kule kuna uwanja wenye moto, na kwamba yale madoa ni watu wetu wenyewe, sijui kwa namna gani, na nilikuwa nasimama karibu na shuka nikimtafuta baba. Nilipotazama jua kwa kioo changu cha masizi nikaliona dogo, safi, halina doa hata moja, nilijua kwamba wamejificha wasionekane na watoto. Siku moja Mwalimu alipogeuka nililigusa fungu letu kwa kidole, nikalisukuma lirudi kati. Madoa yakapanda juu ya kucha yangu, yakatulia pale. Niliondoa mkono haraka.

Na watu wakahama kweli. Hilo ndilo jambo ambalo hadi leo siwezi kulieleza vizuri kwa mtu asiye wa kwetu. Mchimbaji mgeni, ambaye hajui Mgika wala Mgalu, anapita kwenye shuka akitoka zamu, anamuuliza mwenzake nani anashinda, mwenzake anamwonyesha jua. Basi anaenda kusimama na anayeshinda. Kila mtu anapenda kusimama palipojaa. Hivyo palijaa. Mtu wa mbao aliinua jembe mbele ya wake zetu na watoto na mbuzi wa Velji, na kutoka kisimani wakatuimbia wimbo wa kuuliza kama Wagika wanahitaji taa waonekane.

Baba hakwenda kwenye shuka hata mara moja. Nadhani hakupenda kuonekana anakwenda. Aliyekwenda ni shangazi Minza, na njuga zake miguuni, mchana, darasa limejaa.

"Wewe Mwalimu," alimwambia kwa Kiswahili, "kaka yangu amekukosea nini?"

"Kaka yako yupi, mama?"

"Masanja! Unamtoa uwanjani kila siku mbele za watu, unauliza yupi?"

Ilichukua muda hadi Mwalimu akaelewa. Watu walimsaidia, wote kwa pamoja, kila mtu akionyesha fungu lake. Nilimwona uso ukimbadilika. Sijui kama ilikuwa ni hasira. Nilifikiri ameona nyoka. Nafikiri sasa ni huzuni ya mtu aliyekuwa anadhani anasikilizwa.

"Nisikilizeni," alisema. "Hayo si watu. Si Wagika, si Wagalu. Ni moto. Jua halijui kama kuna Geita." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kweli, asiyeweza kuacha jambo nusu, akaongeza: "Na hata yangekuwa watu, mngekuwa mmewasoma kinyume. Chombo hiki kinapindua. Cha kulia kinakuwa kushoto."

Ili waamini, aliigeuza darubini kutoka kwenye jua kabisa, akailekeza kwenye duka la Velji, akaruhusu watu waweke jicho mmojammoja. Nilitazama na mimi. Duka lilikuwa limesimama kwa kichwa, bati chini, ngazi juu, na Velji mwenyewe amekaa kwenye kiti chake angani kama popo, yuko kulia ilhali alikuwa kushoto. Tulimpigia kelele ajishikilie asianguke. Naye akatupungia mkono.

Mwalimu alidhani amelimaliza. Ukweli ni kwamba watu walisikia maneno yote mawili, wakachukua la pili. Kabla hajakunja shuka habari ilishafika mgodini: jua linapindua, walioko ukingoni ni watu wa Luhende, aliyeshika katikati ni Masanja. Alasiri hiyohiyo wachimbaji walimiminika upande wa dukani. Walikanyaga hadi mstari wa ngoma zetu, tukawarudisha nyuma kwa fimbo. Wale waliotuimbia habari ya taa waliimba sauti zikawakauka, hakuna aliyewageukia.

Baba alikuwa hajui. Yeye alikuwa ndani ya ngoma alasiri nzima na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alirudi nyumbani anatembea kama kijana, mtu wa mbao begani, akamwambia mama, "Wamerudi wenyewe, Mama Kabula. Nilikuambia wataona kazi." Mama akampakulia ugali. Alikula akiwa anaimba mdomoni. Sijawahi kumwona vile tena, ingawa sidai kwamba nakumbuka kila siku ya maisha yake.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mwisho. Mapema, Mwalimu akiwa bado anachimbia nguzo, baba alifika uwanjani amebeba ngoma yake kubwa. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, leo usilitandike."

"Shuka?"

"Na jua lake. Leo waache watu watutazame mimi na Luhende. Jua watalitazama kesho, litakuwepo."

Siku hiyo wazungu wa kilimani walikuwa na wageni wao waliokuja kuona jinsi wenyeji wanavyofundishwa. Hilo nilisimuliwa, pia kwamba baadaye alikemewa sana. Nilichoshuhudia mwenyewe ni kwamba alikitazama kizibo cha shaba mkononi mwake, akakirudisha kwenye mdomo wa darubini, akakikaza. "Basi na mimi nitatazama ngoma," alisema. "Nimekaa hapa msimu mzima sijaiona."

Wachimbaji walipotoka zamu walikuta nguzo mbili tupu. Walizubaa pale katikati, wakiulizana. Kisha ngoma zikaanza, na kwa kuwa hapakuwa na la kutazama zaidi, wakatazama. Walikwenda huku, wakarudi kule. Baba alicheza vizuri. Mtu wa mbao alilima shamba zima la hewa. Sitaki kumwonea Luhende: siku ile alikuwa na wimbo mpya, mfupi, hata mgeni aliweza kuuitikia mara ya pili kuusikia, na vijana wake walirusha majembe juu yakazunguka, wakayadaka kwa migongo imegeuka. Jua lilipokaribia kuzama, umati ulikuwa kisimani. Si kwa mbali. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza. Mwalimu Klementi mwenyewe alikuwa amesimama upande ule, anapiga makofi, kaptula imejaa vumbi.

Vijana wa baba walihamia kwa manju wa Masumbwe kabla ya mvua. Shangazi Minza alibaki, kama alivyosema. Baba akawa mkulima wa pamba. Mtu wa mbao tulimweka shambani afukuze ndege, hadi mchwa wakammaliza. Wazungu walifungasha kituo chao msimu mmoja au miwili baadaye, Mwalimu akaenda nao, na sijui alikoishia.

Habari hii kijijini ilisimuliwa kwa kicheko, na mama, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiisimulia vizuri zaidi. "Baba yenu," alikuwa akisema, "hakuwa amesikia kwamba jua limepinduliwa. Alidhani bado linamfukuza. Akaenda kulifunika. Jua lilikuwa lake, akalifunika kwa mkono wake mwenyewe!" Watu wakajishika mbavu. Baba alikuwa akisikiliza pale pale, anacheka nao. Hakuwahi kumsahihisha. Inawezekana kabisa mama alikuwa sahihi. Yeye aliishi naye, mimi nilikuwa mtoto.

Lakini asubuhi ile ya siku ya mwisho mama alikuwa amekwenda kuteka maji, na mimi nilikuwa na baba. Alikuwa anakausha ngoma kwenye moto wa mabua ili ngozi ikaze. Nikaona nimpelekee habari njema, maana niliona hakuna aliyempelekea. Nikamwambia jana Mwalimu alisema chombo kinapindua, na ndiyo maana watu wote wakaja kwetu.

"Ndiyo maana?" alisema.

"Ndiyo. Wote walisema. Ngoja nikuonyeshe."

Vidole vyangu vilikuwa na masizi. Nikamchorea palepale juu ya ngozi ya ngoma: duara, madoa huku, madoa kule, hawa Luhende, hawa sisi. Baba alitazama. Akaishika ngoma kwa mikono miwili, akaizungusha polepole hadi upande wa huku ukawa kule, akatazama tena, muda mrefu, mabua yakateketea. Kisha akakifuta kile nilichochora kwa kiganja chake, akaitwaa ngoma begani na kushika njia ya uwanjani, nami nikamfuata kwa mbali, nikidhani amekasirika kwa sababu nimemchafulia ngoma.